Taa za urujuanimno kwenye chumba cha kusubiri wagonjwa: zinapunguza kweli maambukizi ya kifua kikuu?

Mjumbe_wa_Kamati (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo kimoja cha afya mkoani Tanga. Si mtaalamu wa tiba, na naomba ushauri wenu kabla kamati haijakaa kupitisha matumizi ya fedha ambazo hatutazipata mara ya pili.

Chumba chetu cha kusubiri wagonjwa wa nje kina urefu wa mita 10, upana wa mita 6, na dari liko mita 3 kutoka sakafuni. Asubuhi hujaa akina mama wenye watoto wa kliniki, wazee wa shinikizo la damu na WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI) waliofuata dawa zao, na miongoni mwao hakosekani mtu anayekohoa kwa wiki kadhaa ambaye bado hajapimwa makohozi. Madirisha yapo pande mbili zinazotazamana, lakini tangu chumba kilipowekewa viyoyozi viwili vya ukutani hayafunguliwi, kwa kuwa kila anayethubutu kuyafungua huambiwa anapoteza baridi. Wahudumu wetu wana hofu, na hofu hiyo naiona ni ya haki.

Sasa amejitokeza mfadhili aliye tayari kutununulia taa za miale ya urujuanimno, yaani taa za UV, za kuua vijidudu vya kifua kikuu hewani. Tumepokea mapendekezo mawili kutoka kwa wauzaji wawili. La kwanza ni taa tupu, isiyo na kifuniko, inayosimama juu ya kigari na kuwashwa usiku chumba kikiwa hakina mtu. La pili ni taa zilizofunikwa kwa luva, yaani vipande vya bati jeusi vilivyopangwa sambamba, zinazofungwa juu ukutani na kuwaka kutwa nzima watu wakiwa wamekaa chini yake. Pendekezo la pili lina gharama kubwa zaidi, na baadhi ya wajumbe wanalipinga wakisema haiwezekani kuwawashia watu miale ya namna hiyo vichwani bila kuwaletea upofu au saratani.

Naomba kujua ni lipi kati ya hayo mawili lenye ushahidi, kama taa hizo zina madhara, na kama kweli hapo ndipo mahali pa kwanza pa kuweka fedha.

---

Daktari_wa_Mapafu (Moshi)

Ndugu Mjumbe, umefanya vizuri kutupa vipimo vya chumba, kwa sababu bila vipimo hivyo mazungumzo haya hubaki ya juu juu.

Nianze na kigari, maana hicho hakihitaji hata hesabu. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kugusa kiti, kikombe wala shuka. Huambukizwa pale mtu mwenye ugonjwa kwenye mapafu anapokohoa, anapoongea au anapoimba, akatoa chembechembe ndogo mno ambazo maji yake hukauka papo hapo na zenyewe zikabaki zikielea hewani kwa saa kadhaa, hadi mwingine azivute. Anayekohoa saa 3 asubuhi huwaambukiza waliokaa naye saa 3 na saa 4. Taa inayowashwa usiku husafisha hewa ambayo hakuna wa kuivuta, na ambayo hadi kupambazuka ingekuwa imekwisha kubadilika yenyewe kupitia nyufa za milango. Kwa vijidudu vinavyokaa juu ya meza na vitanda kigari kinaweza kuwa na kazi yake. Kwa kifua kikuu katika chumba cha kusubiri, sikioni kazi yake.

Taa za ukutani hufanya kazi kwa njia nyingine. Luva huizuia miale isishuke, ikabaki katika tabaka la juu la chumba, juu ya vichwa vya watu. Hewa ya chini, ikipashwa joto na miili na kusukumwa na feni, hupanda, hupita ndani ya miale, na bakteria waliomo huharibiwa chembe zao za urithi kiasi cha kushindwa kuzaliana. Kisha hewa hiyo hushuka na nyingine hupanda. Kazi hiyo hufanyika muda ule ule ambao mgonjwa anakohoa, na ndiyo maana inaweza kuzuia maambukizi.

Ushahidi wake ni wa muda mrefu. Mmarekani William Wells alieleza katika miaka ya 1930 namna chembe zilizokauka zinavyoelea na kusambaza magonjwa. Richard Riley akafuata mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Baltimore: aliipeleka hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu katika vyumba vya simbilisi, wanyama wanaoambukizwa ugonjwa huu kwa urahisi mno. Waliovuta hewa hiyo ilivyo waliambukizwa mmoja baada ya mwingine; wale ambao hewa yao ilipitishwa kwanza kwenye miale hakuambukizwa hata mmoja. Hata hivyo, miale hiyo ilikuwa ndani ya bomba la hewa, ambamo hakuna chembe inayoikwepa, na kwa hiyo isingetosha kujibu swali lako.

Linalokuhusu zaidi ni jaribio la Lima, Peru, lililochapishwa mwaka 2009. Hewa ya wodi ya wagonjwa wenye VVU na kifua kikuu ilipelekwa kwa simbilisi waliowekwa juu ya paa la hospitali kwa siku 535. Siku ambazo taa za juu ya wodi ziliwashwa, hewa ilikwenda kwa kundi moja; siku zilipozimwa, ilikwenda kwa kundi jingine. Katika kundi la siku ambazo taa zilizimwa waliambukizwa asilimia 35, na katika kundi la taa asilimia 9.5. Mwaka 2015 yakachapishwa matokeo ya eMalahleni, Afrika Kusini, katika jengo lililojengwa mahususi kwa uchunguzi wa namna hiyo, lenye wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Humo taa zikisaidiwa na feni zilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 80. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza taa hizi za sehemu ya juu ya chumba, ingawa ni pendekezo lenye masharti, kwa maana kwamba kila mahali papimwe uwezo wake na hali yake.

Nakuomba sasa uwapelekee wajumbe jambo ambalo hakuna muuzaji atakayewaambia. Wagonjwa wanaosambaza zaidi si wale walioandikishwa kliniki na kumeza dawa zao mbele ya mhudumu, kwani dawa sahihi hupunguza uambukizaji upesi sana. Wanaosambaza ni ambao hawajatambuliwa bado, au waliotambuliwa lakini wanapewa dawa ambazo bakteria wao wamekwisha kuzizoea. Huko eMalahleni sehemu kubwa ya maambukizi ilitokana na wachache wa aina hiyo. Kwa hiyo mtu anayesimama mlangoni asubuhi, akauliza kila anayeingia kama anakohoa, akampa barakoa ya kawaida ya hospitali, akamtanguliza kwa mganga na kumchukua makohozi siku hiyo hiyo, anafanya kazi ambayo taa haiwezi kuifanya. Na barakoa hiyo si ya kudharauliwa: katika jengo lile lile, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wagonjwa walipovaa barakoa, maambukizi kwa simbilisi yalipungua kwa asilimia 56.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba taa za ukutani zina ushahidi, za kigari hazina kwa kazi hii, na zote mbili huja nyuma ya mtu wa mlangoni.

---

Fundi_Vifaa_Tiba (Dar es Salaam)

Namuunga mkono Daktari, na naongeza upande wa ufundi, kwa sababu ndipo miradi hii inapoharibikia.

Kwanza ni kipimo. Kutokana na matokeo ya eMalahleni, kiwango kilichopendekezwa ni miliwati 15 hadi 20 za miale kwa kila mita ya ujazo ya chumba. Chumba chenu kina mita za ujazo 180, hivyo mnahitaji jumla ya miliwati 2,700 hadi 3,600, yaani kama wati 3 hivi. Mtaona ni kidogo, mseme tyubu moja ya wati 36 inatosha mara kumi. Hapana. Wati zilizoandikwa kwenye tyubu ni umeme inaokula. Sehemu yake tu hugeuka kuwa miale ya nanomita 254 (huo ni urefu wa wimbi la miale inayoua vijidudu), na sehemu kubwa ya miale hiyo hunaswa na luva kabla haijatoka. Mwambieni muuzaji atoe cheti cha maabara kinachoonyesha miale inayotoka nje ya taa ikiwa imekamilika na luva zake. Akishindwa kukitoa, msijadili naye bei.

Pili ni feni. Taa bila mchanganyiko wa hewa husafisha hewa ile ile iliyoko darini, huku ya chini ikiendelea kuvutwa na watu. Pangaboi mbili zinazozunguka polepole muda wote zinatosha kwa chumba cha ukubwa huo, na bei yake haifikii bei ya taa moja. Nimeingia katika hospitali moja nikakuta taa nzuri kabisa zinawaka, pangaboi zimezimwa kwa sababu zilikuwa zinapeperusha karatasi za mapokezi.

Tatu ni unyevu, jambo ambalo sisi wa pwani hatuna budi kulitazama kuliko watu wa bara. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70, bakteria huistahimili miale zaidi na nguvu ya taa hupungua, na Tanga kuna miezi ambayo unyevu haushuki chini ya hapo mchana kutwa. Hapa kiyoyozi kina sifa yake, nacho tukitendee haki, kwani hukausha hewa na kuifanya taa ifanye kazi vizuri zaidi. Ubaya wake ni kwamba kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya hata kidogo; huivuta hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha kwa watu wale wale pamoja na kila kilichokoholewa ndani yake. Chumba chenye viyoyozi na madirisha yaliyofungwa ni mahali ambapo taa hizi zina maana hasa. Mkiamua kufungua madirisha, taa itapoteza sehemu ya nguvu yake, lakini upepo utakuwa umefanya zaidi ya hicho kilichopotea.

Kuhusu ufungaji, sehemu ya chini ya taa isiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na dari lenu la mita 3 linawaruhusu kwenda juu zaidi. Dari au ukuta wa juu usiwe na rangi ya kung'aa wala bati la alumini, kwa sababu miale huakisiwa ikarudi usoni kwa watu. Ulizeni pia kama tyubu ni ya aina isiyotoa ozoni. Zipo za bei nafuu sokoni zinazotoa ozoni, na ozoni hukera mapafu ambayo mnajaribu kuyalinda.

Halafu kuna utunzaji. Tyubu za zebaki hudumu takriban saa 9,000, ambazo ni kama mwaka mmoja zikiwaka usiku na mchana. Baada ya hapo huendelea kutoa mwanga wa buluu unaowaridhisha watazamaji huku miale yenyewe ikiwa imefifia. Vumbi nalo huizuia, hivyo zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti, zikiwa zimezimwa na kupoa. Tyubu iliyokwisha ina zebaki ndani yake. Haitupwi jalalani wala kwenye tanuri la kuchomea taka.

---

Sista_wa_Kliniki (Mombasa)

Kwa heshima zote kwa Daktari na Fundi, naona mmelipita dirisha haraka mno.

Chumba cha Ndugu Mjumbe kina madirisha pande mbili zinazotazamana, na kiko pwani. Huo ni utajiri. Sisi huku tunapata kusi sehemu moja ya mwaka na kaskazi sehemu nyingine, na hata pepo hizo zinapotulia kuna upepo wa baharini kila alasiri. Watafiti wale wale wa Lima walipima vyumba 70 katika hospitali 8 na kuchapisha matokeo mwaka 2007: madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa, wakati vyumba vya mitambo ya kupitisha hewa vilikadiriwa kuibadilisha mara 12 tu. Majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya mwaka 1950, yenye madari ya juu na madirisha makubwa, yalifikia mara 40. Tunayabomoa majengo ya namna hiyo ili tujenge vibanda vya vioo, kisha tunatafuta mfadhili wa kutusafishia hewa.

Dirisha halihitaji cheti cha maabara wala tyubu mpya kila mwaka, na umeme ukikatika linaendelea na kazi. Kwa mawazo yangu, jambo la kwanza la kamati ni kuviondoa viyoyozi vile kwenye chumba cha kusubiri, wavihamishie stoo ya dawa ambako vinahitajika kweli, na kukata vitundu vya hewa juu ya madirisha ili hata mvua ikinyesha na madirisha yakafungwa, hewa isikwame. La pili ni benchi na paa la makuti au bati nje, kwa wanaokohoa. Mgonjwa aliyekaa nje kivulini hamwambukizi mtu yeyote kirahisi.

Sizikatai taa. Naziona mahali pake ni wodini usiku, pale ambapo madirisha hufungwa kwa ajili ya mbu, mvua na wezi, na kwenye chumba cha eksirei ambacho hakina dirisha kabisa. Lakini kwa chumba cha mchana chenye madirisha pande mbili, fedha hizo zina kazi nyingine.

---

Daktari_wa_Mapafu (Moshi)

Sista, sina ubishi na wewe kuhusu dirisha, na takwimu ulizozitaja ni sahihi. Tofauti yetu ni moja: wastani wa mara 28 kwa saa ni wa madirisha yaliyo wazi, na mimi sijaona chumba cha wagonjwa ambacho madirisha yake hukaa wazi mwaka mzima. Kwetu Moshi, mwezi Julai, anayefungua dirisha saa 1 asubuhi hupata lawama kutoka kwa kila mwenye mtoto mgongoni. Tanga hakuna baridi hiyo, kwa hiyo kwa Ndugu Mjumbe hoja yako inazidi yangu. Akiweza kuyaacha wazi, na ayaache wazi. Siku ambazo hawezi ndizo za taa.

---

Mjumbe_wa_Kamati (Tanga)

Nawashukuru nyote, na hasa Sista, kwa kuwa wazo la kuhamisha viyoyozi hakuna aliyekuwa amelitaja katika kamati. Naomba mnisaidie jambo moja zaidi, maana najua ndilo litakaloulizwa kwanza. Nitawajibu nini wanaoogopa macho na saratani? Na tukiamua kununua taa chache kwa ajili ya wodi badala ya chumba cha kusubiri, tahadhari zinabadilika?

---

Daktari_wa_Mapafu (Moshi)

Waambie kwamba hofu yao ina msingi kwa taa tupu. Mtu akiitazama taa ya kigari, saa chache baadaye macho huwasha na kuuma kana kwamba yameingia mchanga, kama yanavyomtokea fundi wa kuchomelea asiyevaa miwani, na ngozi hubabuka. Kwa kawaida maumivu hayo hupona ndani ya siku moja au mbili. Kuhusu saratani, miale ya nanomita 254 hunyonywa karibu yote na tabaka la nje la ngozi, ambalo ni seli zilizokufa, wakati miale ya jua hupenya chini zaidi; anayekaa chini ya taa iliyofungwa sawasawa hupata kidogo kuliko anachokipata akitembea kwenda sokoni.

Yako majaribio yaliyofanywa Marekani katika makazi ya watu wasio na nyumba, kwenye miji kadhaa, kuanzia mwaka 1997, ambamo baadhi ya majengo yalifungwa taa halisi na mengine taa za bandia zilizofanana nazo. Maambukizi mapya yalikuwa machache mno kiasi kwamba hayakuweza kuthibitisha kama taa zilizuia kifua kikuu, lakini kuhusu usalama yalitoa jibu zuri. Kati ya watu elfu kadhaa waliohojiwa, lililothibitishwa kuwa limetokana na taa lilikuwa tukio moja tu la macho, na sababu yake inajibu swali lako la wodi: taa zilipofungwa chumba kilikuwa na kitanda cha kawaida, kisha mtu akaingiza kitanda cha ghorofa, na aliyelala juu akawa usawa wa miale. Kwa hiyo wodini kila samani inapobadilishwa, vipimo vichukuliwe upya.

---

Fundi_Vifaa_Tiba (Dar es Salaam)

Nikamilishe hapo kwenye vipimo. Kikomo kinachotumika kwa mtu anayekaa mahali pamoja kwa saa 8 ni milijouli 6 kwa sentimita ya mraba, ambazo ukizigawanya kwa muda huo ni mikrowati 0.2 hivi kwa sentimita ya mraba. Mtu hakai saa 8 akitazama pembe moja, ila kwa wodi, ambako mgonjwa hulala ameelekea juu, chukueni kikomo hicho jinsi kilivyo. Kipimo huchukuliwa kwa mita maalumu, yaani kifaa cha kupimia miale ya nanomita 254, usawa wa macho ya aliyesimama na ya aliyelala, katika kila pembe ya chumba. Mita hiyo ni ghali na hamhitaji kuinunua. Mkandarasi aje nayo, ikiwa na cheti cha urekebishaji kisichopitwa na wakati.

Swichi ya taa iwe peke yake, mbali na swichi za mwanga wa kawaida, na ikiwezekana iwe ya ufunguo. Anayepanda ngazi kubadilisha balbu au kupaka rangi lazima aizime kwanza, kwa sababu akifika juu yeye ndiye atakuwa ndani ya miale. Na katika mkataba andikeni kwamba sehemu ya malipo itabaki mikononi mwa kamati hadi vipimo vya juu ya chumba na vya usawa wa macho vitakapochukuliwa mbele ya mganga mfawidhi, viandikwe kwenye daftari la kituo, na vichukuliwe tena kila tyubu zinapobadilishwa.